Kuvalisha nyaya za kompyuta soksi: ramani ya pini kwanza, rangi baadaye

Kompyuta ya mezani yenye nyaya zilizovalishwa kwa mkono soksi, yaani ganda la kamba au plastiki iliyosukwa, inajulikana hata kabla haijawashwa. Nyaya zinazoingia kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, zimelala ubavu kwa ubavu kama miyaa ya ukili, kona zote zimekunjwa pamoja, hakuna hata mmoja uliochomoza. Wanaoiona huuliza kwanza rangi, halafu huuliza soksi zilinunuliwa wapi. Swali linalostahili kutangulia ni hili: tundu lipi la saplai, lile boksi linaloipa kompyuta umeme, linakwenda pini ipi ya mazabodi? Soksi ikikaa vibaya unaivua na kuivalisha tena. Pini ikikaa vibaya, diski na mazabodi vinaweza kufa papo hapo, na saplai yenyewe isione kosa lolote.

Hapa ninazungumzia saplai ambazo nyaya zake huchomoka zote. Zile ambazo nyaya zinatoka ndani ya boksi ziache kama zilivyo. Usifungue boksi la saplai kwa sababu yoyote ile. Ndani kuna kapasita kubwa inayobeba karibu volti 400, na inaweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa waya wa ukutani. Kwa saplai kama hiyo, tengeneza nyaya za kuongezea urefu, zinazoingia katikati ya plagi yake na mazabodi.

Ramani

Upande wa mazabodi za kawaida una mpangilio mmoja, kiwango cha ATX. Katika plagi ya pini 24, pini 1, 2, 12 na 13 ni volti 3.3. Pini 4, 6, 21, 22 na 23 ni volti 5. Pini 10 na 11 ni volti 12. Graundi, yaani njia ya umeme kurudi, ni 3, 5, 7, 15, 17, 18, 19 na 24. Zinabaki zile za pekee: 8 inaiambia mazabodi kwamba umeme umetulia, 9 ni volti 5 za kusubiri ambazo zipo muda wote saplai ikiwa na umeme, 14 ni volti 12 hasi, 16 ndiyo ya kuwashia, na 20 iko tupu. Safu yenye klipu, kile kilimi cha plastiki kinachofunga plagi, ni ile ya 13 hadi 24.

Upande wa saplai hauna kiwango. Kila kampuni hupanga matundu inavyotaka, na kampuni hiyohiyo inaweza kubadilisha mpangilio kati ya toleo moja na jingine huku plagi zikibaki na umbo lilelile. Ndiyo maana waya wa saplai moja unaweza kuingia vizuri kabisa kwenye saplai nyingine, ukapeleka volti 12 mahali pa volti 5, na diski zote zikaungua. Ulinzi wa saplai hausaidii hapo, kwa kuwa hakuna shoti: saplai inatoa volti 12 safi kama kawaida yake, ila zinakwenda kusikostahili.

Basi ramani uichore mwenyewe, kutoka kwenye waya ule uliokuja na saplai yako. Mchoro wa mtandaoni uwe wa kulinganishia tu. Chukua maltimita, iweke kwenye mlio, yaani hali ya kulia ncha zake mbili zikiunganika, gusa pini 1 upande wa mazabodi, kisha pita matundu ya upande wa saplai moja baada ya jingine mpaka ilie. Andika. Usiishie kwenye mlio wa kwanza, endelea hadi tundu la mwisho, kwa sababu baadhi ya pini hulia mara mbili. Zile plagi za upande wa saplai mara nyingi ni mbili, ya matundu 18 na ya matundu 10, jumla 28, ilhali mazabodi ina 24 na moja kati yake ni tupu. Hayo matundu ya ziada yana kazi: nyaya mbili zinatoka saplai na kukutana kwenye pini moja. Mmoja wao huwa ni waya wa kuhisi, unaopima volti zilizofika kweli ili saplai irekebishe. Pini 13 ya volti 3.3 karibu kila mara ina waya huo, na baadhi ya saplai huweka pia kwenye volti 5, volti 12 na graundi. Ukiuacha, saplai inaweza kusoma volti vibaya au ikagoma kuwaka.

Kosa linalowapata hata mafundi wenye uzoefu ni la kioo. Plagi ukiitazama usoni, yaani upande unaoingia kwenye mazabodi, kushoto kwake ni kulia ukiitazama kwa nyuma, upande nyaya zinakoingilia. Amua mwanzoni kwamba michoro yote itakuwa ya kutazamwa kwa nyuma, maana huko ndiko utakakokuwa ukisukuma pini, na uandike neno “nyuma” juu ya kila karatasi. Chora na klipu pia.

Jambo la pili la kuchunga ni plagi mbili za pini nane. Ile ya prosesa, inayogawanyika nne kwa nne, ina volti 12 upande wa klipu. Ile ya kadi ya picha, inayogawanyika sita na mbili, ina graundi upande wa klipu. Zimegeuziana kabisa. Maumbo ya matundu yake yametofautishwa ili zisiingiliane, lakini plastiki ikilazimishwa hukubali.

Vifaa

Tuchukue mashine ya kawaida: plagi moja ya pini 24, mbili za prosesa na mbili za kadi ya picha. Hiyo ni nyaya 23, 16 na 16, jumla 55. Kila mmoja ukiwa sentimita 60 unapata mita 33. Nunua 40, kwani utaharibu, na nyaya za kuhisi bado hazijahesabiwa. Pini ni mbili kwa kila waya, 110, lakini agiza 150. Soksi za parakodi, kamba ya nailoni, mita 40 zinatosha. Ukichagua zile za plastiki zilizosukwa, nunua 45, kwa sababu zinapotanuka kumeza waya hupungua urefu.

Waya uwe geji 18 (geji ni kipimo cha unene: namba ikipungua, waya ni mnene zaidi) wenye nyuzi nyingi za shaba. Angalia maandishi ubavuni: waya wa aina ya 1007 una unene wa nje wa karibu milimita 2.1, wakati 1015 wa geji hiyohiyo unafika 2.8. Huo wa pili ni waya mzuri, ila ukishavikwa soksi unabanana ndani ya plagi ambayo matundu yake yako milimita 4.2 kutoka katikati hadi katikati. Geji 16 ina upotevu mdogo wa umeme lakini inahitaji pini zake maalumu. Je, kuna haja? Plagi ya pini nane ya kadi ya picha imepangiwa wati 150, yaani ampia 12.5 zikigawanywa kwa nyaya tatu, kama ampia 4.2 kila mmoja. Geji 18 ya sentimita 60 inapoteza hapo volti 0.05 kwenda, na kurudi haizidi hapo. ATX inaruhusu volti 12 zishuke hadi 11.4. Geji 18 inatosha.

Jihadhari na waya wa bei rahisi mno wa alumini uliopakwa shaba. Ukwangue kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, urudishe dukani. Maltimita, mipira ya kusinyaa kwa moto na waya wa mita vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Pini na plagi zenyewe, za familia iitwayo Mini-Fit Jr, mara nyingi utaziagiza nje, kwa hiyo kabla ya kuagiza tazama uso wa plagi ya upande wa saplai na uchore ni matundu yapi ya mraba na yapi yamekatwa pembe. Plagi isiyolingana na mchoro huo haitaingia.

Rangi ya waya ilingane na rangi ya soksi: mweusi chini ya soksi nyeusi, mweupe chini ya nyeupe. Waya mwekundu chini ya soksi nyeupe huonekana kama doa la damu kila mahali soksi inapotanuka kwenye kona. Gharama ya uamuzi huu ni kwamba nyaya zote 55 zitafanana, hivyo kila mmoja uupe namba kwa kipande cha tepu ya karatasi kwenye ncha zote mbili, na tepu isitoke mpaka pini iingie kwenye plagi.

Parakodi ndiyo ninayoipendelea. Ni kamba ya nailoni inayouzwa kwa jina la 550, kwa kuwa imepangiwa kubeba pauni 550. Ukichomoa nyuzi zake za ndani, ganda linalobaki linakumbatia waya wa geji 18 bila kuonyesha rangi yake. Ubaya wake ni vumbi. Nyumba iliyo kando ya barabara ya udongo itaipaka parakodi nyeupe wekundu ndani ya miezi michache, na hapo soksi ya plastiki inafaa zaidi, kwani inafutika.

Nyaya za diski, zile za SATA, ziache zilivyo na uzifiche nyuma. Plagi zake hubana waya kwa meno yanayotoboa ganda, ni kazi nyingine kabisa, na hakuna atakayeziona.

Kukata

Funga kwanza mazabodi, saplai, feni na kadi ya picha ndani ya kasha. Kupima kwenye kasha tupu ni kupoteza waya, kwani kadi ndefu inaweza kuziba njia uliyoipanga. Pitisha kamba ya kiatu kwenye njia halisi ya kila plagi, nyoosha juu ya rula, ongeza sentimita 2.

Watu wengi hukata nyaya zote urefu mmoja, kisha wanashangaa safu ya ndani inavimba kwenye kona. Plagi ya 24 ina safu mbili zilizoachana milimita 4.2. Kona ya nyuzi 90 inaifanya safu ya nje isafiri zaidi kwa milimita 6.6. Ikigeuka nyuzi 180, kama inavyotokea waya unapotoka nyuma ya bamba linaloshikilia mazabodi na kurudi mbele, tofauti ni milimita 13. Kata safu ya nje kwa urefu huo zaidi, nawe utaona nyaya zinakunjwa kama kitabu, bila kuzilazimisha. Kona zinazopingana, moja kulia na nyingine kushoto, zinafutana, kwa hiyo hesabu njia nzima kwanza.

Pini moja, kwa karibu

Hapa ndipo kazi ilipo. Pini ina mbawa mbili: ya mbele inashika shaba, ya nyuma inashika ganda la waya. Menya milimita 3 tu. Ukimenya zaidi, shaba inachomoza mbele na kuzuia pini isikae. Ukimenya pungufu, bawa la mbele linabana ganda, waya unashika vizuri mkononi na umeme haupiti. Weka waya hivi kwamba ukingo wa ganda uwe katikati ya mbawa mbili, kisha bana bawa la shaba kwa tundu dogo la koleo na la ganda kwa tundu kubwa. Koleo liwe la kubania pini zilizo wazi, lile linalokunja mbawa zizame katikati kama moyo. Koleo la kawaida linazilaza tu.

Vuta kwa nguvu ya mkono. Waya ukichomoka, afadhali umechomoka sasa. Pini iliyobanwa vibaya huongeza ukinzani. Omu 0.05 tu kwenye ampia 4.2 ni karibu wati 0.9 za joto ndani ya kijipande kidogo cha chuma kilichozungukwa na plastiki. Plagi inaanza kuwa ya njano, chuma kinalegea kwa joto, ukinzani unapanda, joto linaongezeka tena. Wapo wanaodhani dawa ni kuchomea risasi. Risasi hupanda kati ya nyuzi za shaba na kuzigeuza kijiti, na waya unakatika pale kijiti kinapoishia. Bana vizuri, basi.

Soksi inavalishwa kabla ya pini ya pili. Yayusha ncha ya parakodi kidogo isifumuke, funga ncha ya waya kwa tepu nyembamba ili isinase, kisha isukume kama kiwavi anavyotembea: unakusanya sentimita chache, unanyoosha, unakusanya tena. Ukiivuta kutoka mbele inajibana kwenye waya na kukataa.

Mwisho wa soksi ndio unaotofautisha kazi na kazi. Isukume mpaka ifunike bawa la ganda na kuishia pale bawa la shaba linapoanzia. Ipitishie sehemu ya buluu ya moto wa kibiriti cha gesi kwa sekunde moja, iache ing’ae, halafu ibonyeze kwa koleo bapa lililoloweshwa maji. Ukitumia kidole kitaungua, nailoni iliyoyeyuka inaganda kwenye ngozi. Ikibanwa ikiwa vuguvugu inashika mbawa na kuingia kwenye tundu la plagi, na hutaona mpira wala kovu. Ukichoma sana inakuwa nyeusi na kutuna, nayo pini haitaingia. Kata mwisho huo, urudie na soksi mpya.

Pini ikifika mahali pake utasikia “tik”. Vile vilimi viwili vya ubavuni mwa pini vimefunguka. Vuta waya: ukirudi nyuma, vilimi vimelala, toa pini, vifungue kwa ncha ya wembe na urudishe. Pini isiyokamatwa hurudi nyuma siku unapochomeka plagi kwenye mazabodi, na kompyuta inawaka leo na kesho inagoma.

Kwa waya wa kuhisi tumia geji 22, maana haubebi mzigo mkubwa. Uunge kwenye mwenzake sentimita 5 hivi kabla ya plagi ya mazabodi, funika kiungo kwa mpira wa kusinyaa, ndipo soksi ipite juu. Ramani ikikuonyesha pini mbili zenye nyaya nene zote, hizo zinabeba mzigo na usizipunguze geji.

Ile plagi mpya ya kadi za picha, ya pini 12 na nne ndogo, usiitengeneze kwa mkono. Matundu yake yako milimita 3 tu, inapitisha hadi wati 600, yaani zaidi ya ampia 8 kwa kila pini, na tangu Oktoba 2022 zimeripotiwa plagi zilizoyeyuka. Toleo lililorekebishwa, 12V-2x6, lilikuja 2023. Tumia waya wa kiwandani wa saplai yako, uchomeke mpaka mwisho, na usiukunje ndani ya sentimita 3.5 za mwanzo.

Kupima kabla ya kuunganisha

Waya mpya ukiwa mezani, haujachomekwa popote, rudia zoezi la maltimita kwa ramani, pini kwa pini. Kisha pima kati ya volti na graundi: 12 na graundi, 5 na graundi, 3.3 na graundi, na volti zenyewe kwa zenyewe. Popote palipo na mlio hapo pana kosa.

Halafu chomeka kwenye saplai peke yake, bila mazabodi, na uunganishe pini 16 na 17 kwa klipu ya chuma ya kushikia karatasi. Saplai inawaka. Feni yake isipozunguka usikate tamaa, nyingi hazizungushi feni mpaka zipate mzigo. Pima kila pini: volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, volti 5 kati ya 4.75 na 5.25, volti 3.3 kati ya 3.14 na 3.47. Hapa ndipo utakapokamata kosa la kioo, kwa sababu pini iliyotakiwa kuwa 5 itasoma 12 na hakuna kitu kilichoungua.

Washa kwanza mazabodi na prosesa na kumbukumbu peke yake. Ikifika kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya mwanzo ya mashine, zima, ongeza kadi ya picha, na diski ziwe za mwisho. Iendeshe kwa mzigo mzito nusu saa, kisha gusa kila plagi kwa mgongo wa kidole. Uvuguvugu unaolingana ni kawaida. Plagi moja ikiwa moto kuliko nyingine, zima mashine, itoe, na utafute pini iliyolegea.

Vitana, vile vipande vyenye meno vinavyoshika nyaya zikae sambamba, ni vya mwisho. Kimoja weka sentimita 3 kutoka kwenye plagi, kingine mwanzoni mwa kona na kingine mwishoni mwake, kisha vitelezeshe huku ukinyoosha waya mmoja mmoja. Kati ya vitana usiweke vingine, soksi nzuri inajishikilia.

Waya wa kiwandani usiutupe. Uweke kwenye boksi la saplai. Ile karatasi ya ramani iandike jina kamili la saplai na namba ya toleo, ibandike ndani ya ubavu wa kasha, upande wa nyuma ya bamba, na chini yake andika kwa maka peni: nyaya hizi ni za saplai hii tu.